Kasha Lisiachwe Mwishoni

Katika maonyesho mengi ya wanafunzi wa elektroniki hapa Dar es Salaam, kifaa hukaa mezani kikiwa uchi. Bodi nyeupe ya majaribio, nyaya za rangi zote zimesukana juu yake, kioo kidogo kimeegemezwa kwenye daftari ili kisomeke. Mwanafunzi anaeleza vizuri kabisa jinsi kinavyofanya kazi. Halafu mgeni anauliza, "Sasa hiki nikikipeleka nyumbani nakiweka wapi?" Maelezo yanakatikia hapo. Ukiulizia kasha, unaambiwa litatengenezwa mwishoni, muda ukibaki. Na muda wa mradi wa mwaka wa mwisho haujawahi kubaki.

Nasaidia vijana kwenye karakana moja ya pamoja yenye mashine ya kukata kwa leza, na kwa niliyoyaona pale nimefika mahali pa kusema bila kuuma maneno: kasha lianze siku moja na saketi. Kasha ndilo linalomlazimisha mwanafunzi kuamua kifaa kitakaa wapi, nani atakigusa, waya utatokea upande gani, joto litatoka vipi, na siku kikiharibika nani atakifungua. Saketi iliyo mezani inaweza kuyakwepa maswali haya mwaka mzima.

Nitaeleza kwa mradi mmoja niliousimamia kwa karibu, wa wanafunzi wanne wa chuo cha ufundi waliotaka kutengeneza kipima maji cha simtanki. Aliyekulia mji huu hahitaji kuelezwa shida yenyewe. Maji yanakuja kwa mgao, tanki liko juu ya mnara wa zege, na mtoto anatumwa apande ngazi, agonge tanki kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, asikilize sauti inabadilikia wapi. Wazo la vijana lilikuwa kuweka sensa ya mawimbi ya sauti kwenye mfuniko ikitazama chini. Inatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, mlio unagonga uso wa maji na kurudi, na kompyuta ndogo aina ya ESP32 inapima muda uliopita. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ukishajua muda umeshajua umbali, na ukijua umbali umejua maji yaliyobaki. Habari inarushwa kwa Wi-Fi hadi kwenye kioo kilichoko jikoni.

Mezani kilifanya kazi mapema tu, kwa ndoo ya maji. Hapo ndipo wangeweza kuridhika. Nikawaomba wachore kasha kabla hawajaandika mstari mwingine wa programu, na mchoro ule ukaanza kuwauliza maswali.

Sensa waliyoinunua Kariakoo ilikuwa HC-SR04, ile yenye macho mawili ya duara, kila jicho lina kipenyo cha milimita 16. Kwa roboti ya darasani haina shida. Walipochora matundu mawili kwenye uso wa kasha, mmoja wao, binti aliyekuwa kimya siku nzima, akauliza matundu yatazibwaje ili mvuke wa tanki usiingie. Hayazibiki. Ukiziba, sauti haipiti. Ukiacha wazi, unyevu unakaa kwenye wavu wa macho na kutu inaanza kazi. Kwa swali hilo moja wakabadili sensa, wakachukua JSN-SR04T, yenye jicho moja lisiloingiza maji, limefungwa mwisho wa waya mrefu, na bodi yake inakaa mbali, pakavu. Nayo ina sharti lake: haisomi kitu kilicho karibu nayo kuliko sentimita 20 hivi. Maana yake jicho liinuliwe juu ya kimo cha maji tanki likijaa. Kasha likaota shingo. Na makasha yakawa matatu badala ya moja: shingo ya kwenye mfuniko, kasha la bodi chini ya upenu, na kasha la kioo jikoni. Hakuna programu ambayo ingewaonyesha hayo.

Kisha maboksi. Napenda sana hatua hii na huwa siruhusu irukwe, hata kama mashine iko wazi na kijana ana hamu ya kuona moshi. Kasha la kwanza la jikoni lilikatwa kwa kisu kwenye boksi la mafuta ya kula na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi. Likapelekwa nyumbani kwa shangazi wa mmoja wao, likabandikwa ukutani kwa selotepu, bila kitu ndani, ila picha ya kioo iliyochorwa kwa kalamu. Waliporudi walikuwa wamejaza ukurasa. Soketi iko kushoto, wao waya wameutoa kulia. Sehemu ya ukuta iliyo wazi iko juu ya sinki, kwa hiyo kitufe kitabonyezwa na mkono uliolowa. Maandishi hayasomeki kutoka mlangoni. Lakini kubwa zaidi ni kauli ya shangazi mwenyewe: "Wanangu, mimi asilimia za nini? Niambieni kama nifue leo au nisubiri."

Wakaongeza taa tatu. Kijani, njano, nyekundu, kubwa kiasi cha kuonekana ukiwa uani. Kioo kikabaki, kidogo, kwa anayetaka hesabu. Boksi tupu la mafuta liliwapa habari kuliko mwezi wa kukaa mbele ya kompyuta, na halikuwagharimu kitu.

Sasa mashine. Ile tunayotumia ni ya gesi ya kaboni dioksaidi, aina iliyovumbuliwa na Kumar Patel kwenye maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwale wake una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6. Jicho haliuoni. Mbao na akriliki, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, huunyonya, zikapata joto la ghafla na kugeuka mvuke pale pale ulipogusa. Chuma kinaurudisha, ndiyo maana mashine hizi ndogo haziwezi bati. Vijana wengi hufika wakidhani mwale hauna unene, kwamba ukichora mstari basi unapata mstari. Mwale unakula. Kwenye mbao ya milimita 3 mashine yetu inakula karibu milimita 0.2, nusu upande huu wa mstari na nusu upande ule.

Sehemu mbili za kumi za milimita zinaonekana ndogo mpaka ufanye hesabu. Kuta za kasha zinaunganishwa kwa meno: jino la ukuta huu linaingia kwenye nafasi ya ukuta ule. Ukichora jino la milimita 10, linatoka 9.8. Nafasi uliyoichora 10 inatoka 10.2. Tofauti ni 0.4, na kasha lenye meno mengi yaliyolegea kiasi hicho linachezacheza mkononi, halisimami bila gundi. Dawa ni kuchora jino 10.2 na nafasi 9.8, yote mawili yatoke 10 kamili. Programu huria ya Boxes.py inaweza kukufanyia marekebisho hayo ukiipa kipimo cha mwale wako. Lakini kipimo hicho huwezi kuokota mtandaoni. Kinategemea mashine, lenzi, kasi, nguvu, hata joto la maji yanayopoza bomba la leza, maana maji yakipata joto nguvu ya mwale inashuka. Mchana wa Februari hapa Dar es Salaam si sawa na asubuhi ya Julai.

Na unene wa mbao nao unadanganya. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 3 waliipima kwa kalipa, ikasoma 2.7 upande mmoja na zaidi kidogo upande mwingine. Kwa hiyo kabla ya kukata kasha tunakata kipande cha majaribio: ukanda mwembamba wenye nafasi nyingi, ya kwanza imechorwa milimita 2.2, inayofuata 2.3, hivyo hivyo hadi 3.2. Unachukua kibanzi cha mbao ile ile na kukijaribu kwenye kila nafasi mpaka upate ile inayobana bila nyundo. Kwao ilikuwa ile iliyochorwa 2.5. Mwale ukala 0.2, ikatoka 2.7, sawasawa na unene wa mbao. Niliona nyuso zao hesabu ilipokubaliana na mkono. Kijana aliyesema tangu mwanzo kwamba hisabati ya chuo haimsaidii kitu alikitia mfukoni kile kipande cha majaribio akaondoka nacho.

Mbao zenyewe tulizifuata Keko, kwa mafundi seremala, ambako vipande vinavyobaki kwenye kazi za makabati hupatikana kwa bei ya maelewano. Nawapeleka wanafunzi kule kwa makusudi. Fundi mmoja wa makamo alishika karatasi mbili za plaiwudi zilizofanana kabisa, akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akaiweka pembeni. Ndani ina mapengo, alisema, na palipo na pengo watu wa kiwandani wamejaza gundi. Tulikuwa tumeshaona tatizo hilo kwenye mashine bila kulijua chanzo chake: mwale unakata vizuri, halafu unafika sehemu inagoma, kipande kinabaki kimeng'ang'ania. Fundi hajawahi kuigusa mashine ya leza, ila ugonjwa wa mbao aliusikia kwa kidole. Vijana walimwonyesha mchoro wa meno. Akauliza kwa nini meno yamepangwa sawasawa pande zote, mtu akilifungua kasha atajuaje ukuta upi unarudi wapi? Swali la haki. Wakabadili mpangilio, kila ukuta ukawa na namna yake, hauwezi kuingia pasipo pake.

Kuna jambo moja ambalo kwenye karakana silisemi kwa upole. Si kila kitu bapa kinaingia kwenye leza. Mtu anakuja na karatasi nyeupe nyepesi ya plastiki aliyopewa na watengeneza mabango, imenyooka, nzuri, bure. Nyingi ya karatasi hizo ni PVC yenye povu. PVC ina klorini ndani yake. Ikiunguzwa na mwale inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, iwe ni unyevu wa mapafu yako au wa hewa inayogusa vyuma vya mashine. Mashine inapata kutu, na binadamu anaumia. Polikaboneti nayo haifai, inakuwa ya njano, inafuka na kushika moto. Usipojua plastiki ni ipi, usikate. Ipo njia ya zamani ya kupima ambayo mwalimu yeyote wa kemia anaifahamu: unapasha waya wa shaba kwenye moto hadi uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki ili kidogo kishike, unaurudisha motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini au ndugu zake, na plastiki hiyo inarudi ilikotoka. Tunafanya hivyo nje, kwenye hewa, kwa kipande kidogo sana. Na mashine ikishawashwa hakuna anayetoka kwenda kununua soda. Mbao inashika moto haraka kuliko watu wanavyofikiri.

Akriliki waliitumia kwa shingo ya tanki, kwa sababu MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, na plaiwudi hazivumilii maji. MDF hasa inavimba pembeni kama mkate uliolowekwa, na kwenye hewa ya pwani haihitaji hata mvua. Akriliki inakatwa vizuri sana na leza, pembe zinatoka zinang'aa kana kwamba zimesuguliwa. Ila kuna kitu kilichowapata kundi jingine mwaka uliopita ambacho sasa namwambia kila mtu. Walikata, wakasafisha alama za moshi kwa spiriti, na baada ya muda mfupi pembe zikajaa nyufa ndogo ndogo kama nywele. Joto la mwale huacha mkazo ndani ya akriliki, na pombe inaufungulia njia. Sabuni kidogo na maji vinatosha.

Kuhusu kasha la bodi lililo chini ya upenu, palitokea ubishi mzuri. Mmoja alisema wasihangaike na mbao, waende mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa bati, wakafyatuliwe kijikasha cha bati, kitadumu zaidi. Kudumu kingedumu. Lakini ESP32 inaongea kwa Wi-Fi kupitia antena iliyochorwa kwenye ubao wake, na ukiifungia ndani ya bati sauti yake haitoki. Mbao na akriliki zinapitisha. Walijaribu kwa kopo la maziwa ya unga kabla ya kuamini: ndani ya kopo lililofunikwa, mawasiliano yakakatika; mfuniko ukitolewa, yanarudi. Hilo nalo ni somo la kasha, na lilipatikana kwa kopo.

Joto likaleta kazi zaidi. Umeme ulikuwa unaingia volti 12, na kushushwa hadi 5 na kidhibiti cha kawaida, kile cha miguu mitatu kinachoitwa 7805. Kidhibiti hicho hushusha volti kwa kuzigeuza joto. Bodi ikivuta miliampia 200, volti 7 zinazobaki zinakuwa wati 1.4 za joto tupu, muda wote, ndani ya kijikasha kilichofungwa. Mezani hakuna aliyehisi. Ndani ya kasha, sensa ya joto iliyokuwa karibu na kidhibiti ilianza kusoma nyuzi 40 wakati hewa ya nje ni 30. Na wao walikuwa wanaitegemea sensa hiyo kurekebisha mwendo wa sauti, kwa sababu sauti huenda kama mita 349 kwa sekunde kwenye nyuzi 30 na mita 355 kwenye nyuzi 40. Kosa la asilimia karibu 2, ambalo kwenye umbali wa mita moja na nusu linakuwa zaidi ya sentimita mbili za maji yaliyopo ambayo kifaa hakiyahesabu. Programu ilikuwa sahihi, saketi ilikuwa sahihi, kifaa kilikuwa kinatoa jibu baya kwa sababu ya boksi. Wakaondoa 7805, wakaweka kigeuzi cha kisasa kinachopoteza nguvu kidogo tu kwa joto, wakahamishia sensa ya joto kwenye shingo ya tanki, penye hewa ile ile ambayo mlio unapita, na kasha likakatwa matundu membamba upande wa chini, ambako mvua haifiki.

Faili la kwanza la kukata lilitoka dogo. Ukuta wa milimita 100 ukawa 93.75, na nusu ya mchana ikapotea wakitafuta kosa kwenye mashine. Mmoja wao alikuwa ameanza mchoro kwenye toleo la zamani la Inkscape, programu ya kuchorea, lililohesabu nukta 90 kwa inchi; tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017 zinahesabiwa 96. Gawa 90 kwa 96 utaipata ile 0.9375. Tangu hapo kila faili letu lina mraba wa milimita 100 pembeni, na wa kwanza kupimwa kwenye skrini ya mashine ni huo.

Nimeliacha kwa makusudi jambo ambalo nalijali kuliko yote, la namna kasha linavyofungwa. Wanafunzi wanapenda gundi. Inashika upesi, haionekani, kasha linapendeza kwenye picha. Mimi nakataa gundi kwenye kitu chochote kitakachoingia nyumbani kwa mtu. Nchi hii inaishi kwa kutengeneza vilivyoharibika. Redio, pasi, feni, simu, vyote vina fundi wake mtaani, na fundi anaanza kwa kufungua. Kasha lililogundishwa linamwambia avunje. Kwa hiyo tunatumia bolti za milimita 3 na nati zilizolala ndani ya mbao: unakata tundu lenye umbo la herufi T kwenye ukuta, nati yenye upana wa milimita 5.5 na unene wa 2.4 inakaa humo bila kuzunguka, bolti inaingia kutoka nje. Bisibisi ya kawaida inatosha. Upande wa ndani wa mfuniko wakachonga kwa leza mchoro wa saketi yenyewe, kwa mistari laini, na majina ya nyaya kwa Kiswahili. Wazo hilo lilikuwa lao, mimi sikuchangia. Fundi wa Mbagala atakayekifungua miaka mitano ijayo hatahitaji kuwatafuta.

Ninachoomba kwa wanaosimamia miradi vyuoni ni alama. Kwenye karatasi za usahihishaji nilizoziona, kasha limewekwa chini ya "mwonekano", alama chache za mwisho, karibu na usafi wa ripoti. Litenganishwe. Mwanafunzi aulizwe kifaa chake kimekaa wapi na kwa muda gani, nani amekitumia asiye mwanafunzi, kinafunguliwaje, kasha la kwanza la boksi lilikosea nini. Alete kipande chake cha majaribio. Alete na faili, likiwa limeandikwa unene halisi wa mbao na kipimo cha mwale, ili anayekuja mwakani asianze upya kutoka sifuri. Haya hayahitaji chuo kinunue mashine. Boksi la mafuta, kisu, rula na ukuta wa shangazi vinapatikana kila wilaya, na kukata kwenyewe kunaweza kulipiwa kwa dakika kwenye duka lolote linalochonga vikombe vya zawadi na vibao vya majina.

Kipima maji sasa kimefungwa kwa shangazi. Kasoro iliyojitokeza ni ya kitufe: ukibonyeza kwa nguvu ukuta wa mbele unabonyea, kwa sababu nyuma yake hakuna kitu cha kuuegemeza. Vijana wanachora nguzo mbili ndogo za plaiwudi zitakazosimama kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, na wamenitumia vipimo nivikague kabla ya zamu yao ya mashine. Wameandika 2.7. Nimewajibu wapime tena, maana hii ni karatasi nyingine ya plaiwudi.